Mlango Uliolipiwa kwa Marehemu

Jumanne, tarehe 9 Juni, saa moja na nusu asubuhi, manyunyu yakidondoka bila upepo, seremala alisimama mbele ya karakana, ufunguo mkononi, akasikia randa ikipita juu ya ubao ndani. Alipofungua, hapakuwa na mtu. Juu ya meza ya kaka yake, aliyezikwa mwezi uliopita, palikuwa na maranda mabichi.

Shemeji yake, mjane wa marehemu, aliingia na ufagio.

"Leo tena?"

"Leo tena."

"Hajaridhika. Na wewe bado unakwenda kuandikisha karakana?"

"Shule inataka vitanda vya bweni, shemeji, na hainunui kwa asiye na cheti. Tukiikosa kazi hii, tunafunga."

"Kaka yako alikataa maisha yake yote. Alisema watoza kodi wakishakujua jina, watakugongea hata kaburini."

"Mbona ni yeye anayetugongea sisi?"

Mjane alitaka kucheka, akajizuia.

Nje, jirani yao fundi bati alipaza sauti: "Bwana mkurugenzi! Ukirudi tutakuona kwa miadi?"

Katika ofisi ya kuandikisha biashara, karani aliuliza bila kuinua uso: "Biashara mpya, au unaendeleza ya marehemu? Mpya ni rahisi, huna deni la mtu. Ukiendeleza, unabeba na madeni yake."

Seremala alilijua deni moja. Bibi wa nyumba ya pembeni alimlipa kaka yake mlango mzima kabla marehemu hajaugua. Walipeana mikono tu, kama ilivyo kawaida ya kazi isiyoandikishwa. Tangu msiba, bibi alilala nyuma ya pazia badala ya mlango, akiona haya kumdai mjane. Neno moja tu, "mpya", na ingekuwa kama mlango ule haukuwahi kuagizwa.

Harufu ya mbao mbichi ikamjia pale dirishani.

"Naendeleza."

"Una hakika?"

"Andika."

Mjane aliposikia jibu hilo, aliondoa ufagio wake kwenye meza ya mumewe, akampisha. Seremala alifanya kazi hapo siku zilizofuata, wala hakugeuka kila aliposikia pumzi nyuma yake.

Jumamosi aliubeba mlango hadi kwa bibi, akautia bawaba.

"Mwanangu, mimi nilishasamehe," alisema bibi.

"Hukulipia msamaha, bibi. Ulilipia mlango."

Bibi aliingia, akaufunga, akasukuma komeo. Sauti yake ikatoka ndani:

"Sasa simdai."