Kusi Ilipobisha Hodi

Siti alikuwa anachekecha unga wa mchele ukumbini, alasiri ya kipupwe, na Kariakoo nzima iko juu ya mapaa. Mwaka ule, Waingereza walipokuwa wamekwisha kuvizoea viti vya Wajerumani, kusi ilikuja na hasira zake. Watu walifunga makuti kwa kamba za usumba, wakayalaza mawe juu yake, wakaingiza kuku ndani. Jirani yake Zena alipita kuuliza kwa nini paa lake halijaguswa.

Sababu Zena aliijua, alitaka tu kuisikia tena. Nyumba ile ilijengwa na Rajabu, marehemu mume wa Siti. Alipokufa, ndugu yake Abbasi, seremala wa Gerezani, alisimama mbele ya wazee, akasema shemeji yake atakaa humo maadamu paa aliloliezeka ndugu yake lipo. Wazee wakasema hayo ndiyo maneno ya kiungwana. Kumbe maneno yalikuwa na mkia. Siti alipotaka kuongeza kamba, Abbasi alikuja na kicheko chake kile.

"Shemeji, ukitia kamba yako, hilo ni paa lako. Si la marehemu tena."

Siku ile ile alipanda juu, eti anakagua makuti. Akashuka, akanywa chai, akafungiwa na vitumbua vya njiani, hana haya.

Paa likienda, Siti naye anakwenda, na pa kwenda hakuwa napo. Basi alifanya aliloweza. Alisogeza kitanda ukutani, akafunika sanduku kwa shuka, akarudi kwenye unga wake.

"Hodi," ikaita sauti mlangoni.

"Karibu," akajibu Siti, wala hakuinua macho. Nani Pwani huinua macho kwanza? Hodi ikipigwa, karibu hutoka yenyewe kama chafya. Hivyo ndivyo kusi ilivyoingia ndani.

Iliinama mlangoni, ikapeperusha unga wote, ikaomba radhi, ikakaa mkekani. Siti aliudhika, maana unga ulikuwa wa biashara ya kesho. Lakini mgeni ni mgeni. Alimletea maji ya kunawa na wali wa nazi, naye akala kwa adabu, wali ukipungua kutoka pembeni mwa sahani. Huko nje ndugu zake mgeni waliendelea na kazi. Paa la Zena, pamoja na kamba zake na mawe yake, lilikwenda kutua Mchafukoge.

Mgeni alipokwisha kula alitazama juu.

"Mama, paa hili ndilo lililonileta," alisema. "Ila nimekula wali wako, siwezi tena. Lakini ujue, kamba za upande huu hazikuoza. Zimekatwa kwa kisu."

Siti akaweka chekeche chini. Kilichomuuma zaidi ni vile vitumbua, alivifunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa jani la mgomba.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Siti alimpa kazi ya kushika paa, naye akalishika vizuri. Zena alilalamika tu kwamba nyumba hiyo siku hizi haiwashiki taa.

Shauri lilifika kwa wazee, wakaja kukaa barazani kwa Siti. Kusi ilieleza kila kitu, kamba kwa kamba, na wazee wakasikiliza huku wameshika kofia zao.

"Tangu lini kicheche akawa shahidi wa kuku?" aliuliza Abbasi.

Tena mashahidi hutakiwa wawili. Mzee mmoja akasema ndugu za mgeni wapo nje, aitwe mmoja wao awe wa pili, lakini hakupatikana mtu wa kumkaribisha. Siti alisema mbele yao wote kwamba amedhulumiwa. Walimpa pole. Hukumu ikabaki ile ile, maadamu paa lipo.

Kipupwe kikaisha. Mgeni akaanza kuaga, maana kaskazi ilikuwa njiani, na wawili hao hawakai mji mmoja. Lakini mgeni wa heshima haondoki bila kusindikizwa na mwenyeji wake, angalau hadi pembe ya nyumba. Kila jioni alisimama mlangoni.

"Mama, nisindikize."

"Kesho, mwanangu. Leo miguu inaniuma."

Miguu haikuwa inamuuma. Siti alimwonea huruma na kujionea haya, kwa sababu kumzuia mgeni ni jambo la aibu, na kwao hakulelewa hivyo.

Kila Ijumaa, baada ya swala, Abbasi huja na kanzu yake safi. Hupiga hodi, na Siti huitika karibu. Hukaa, hula vitumbua, huzitazama kamba zilizokatwa zinavyoning'inia, kisha huuliza kwa upole kabisa:

"Mgeni bado yupo, shemeji?"

"Yupo."

"Basi nitapita tena Ijumaa."