Jagi la Ukwaju

Kazi ya Swafia, katika maabara moja ya Ganjoni, ilikuwa kumchungulia mwizi asiyevunja mlango. Bakteria wa homa ya matumbo ana kitu kama sindano mwilini mwake. Akishajibandika kwenye seli ya utumbo, huidunga protini zake, nazo zikishaingia hujifanya watu wa nyumbani: huiamuru seli ijikunjue, imkumbatie mgeni na kumwingiza yenyewe. Swafia alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba huyu hodi hupiga yeye, na karibu huitamka yeye, kwa sauti ya mwenye nyumba. Wakicheka, naye alicheka nao.

Kicheko kilimkauka mwezi wa Shaabani. Mamake, Bi Tumu, aliwahi kuugua homa hiyo miaka minane nyuma akapona, au ndivyo walivyodhani. Jirani wa pili alipolazwa kwa homa hiyo hiyo, Swafia alimlaghai mamake kuwa ni vipimo vya kawaida tu, akachukua choo chake akakipima mwenyewe. Bakteria walikuwamo. Walikuwa wamejificha kwenye nyongo miaka yote hiyo na mama mzima wa afya, sharubati yake ya ukwaju ikisifiwa mtaa mzima wa Kibokoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni ulimi. Nani amwambie Bi Tumu kwamba mkono wake, ule ule wa sifa, ndio unaowaambukiza watu? Swafia alijiambia atasema kesho, na kesho hiyo ikasogea mpaka mwezi ukaandama.

Ramadhani haina siri mitaani kwao. Kabla ya magharibi vyombo huvuka vichochoro, na chombo cha jirani hakirudi tupu. Siku ya nne ya mfungo, Bi Tumu alimpa bintiye jagi la ukwaju ampelekee Lamis, nyumba ya tatu, shoga wa Swafia tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani. Swafia alitoka amedhamiria kulimwaga mtaroni. Lakini Lamis alikuwa kibarazani, ameshamwona, ameshanyoosha mikono, anamwambia karibu hata hodi hajaipiga.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, usinywe. Ila neno hilo lingemvua mamake nguo mbele ya mtaa, na Swafia akalimeza. Adhana ikaadhiniwa. Lamis alifungua kwa tende na bilauri ya ukwaju, akamwombea dua Bi Tumu.

Baada ya Idi ndipo Lamis alipotoka hospitali, na mshono tumboni, kwa kuwa utumbo ulikuwa umetobolewa na homa ya matumbo. Swafia alikwenda kumzuru. Alimkuta amekonda hata pete imemvuka kidole, na haya ikamchoma Swafia asijue pa kuweka macho. Lamis alimweleza kuwa madaktari walipomuuliza alikula nini, aliwatajia maji ya miwa ya Kombe, mchuuzi wa pale pembeni. Vijana wa mtaa wakamvunjia Kombe mkokoteni wake na kumfukuza. Mezani lilikuwepo lile jagi, mamake Lamis amelijaza visheti, tayari kurudishwa.

"Si Kombe," Swafia alisema. "Ni ukwaju wetu. Mama ana vijidudu vya homa hiyo, naye havimuumi."

 Lamis, kwa huruma yake, akamtafutia pa kutokea.

"Basi ni kadari ya Mungu. Nawe ungejuaje, shoga yangu?"

Angenyamaza, yangekwisha. Angekunywa chai, akabeba visheti vyake, akasamehewa. Swafia aliuona msamaha huo umemwelekea, naye hakuustahili.

"Nalijua," alisema. "Nalimpima mwenyewe. Nalijua hata nilipokuwa nikikupa."

Lamis hakupaza sauti. Alijiinua polepole, mkono mmoja juu ya mshono, akavimwaga visheti vyote kwenye sinia, mpaka chembe za sukari za mwisho. Akampa jagi.

"Mrudishie mamako."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, wanawake wamekaa vibarazani wakichambua mchele. Swafia alipita mbele yao na jagi tupu mkononi, na kila mmoja aliliona, na hakuna aliyemsalimu kwa sauti.

Bi Tumu alilipokea mlangoni. Akachungulia ndani, akalipindua kama aliyedhani amekosea, kisha akainua macho kumuuliza mwanawe wao wamewakosea nini kina Lamis.