Shimo la Machicha

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Ni mimi niliyepiga simu kijijini Maposeni nikamwambia mama, "Jumatano naja na wageni kutoka Dodoma. Wanakuja kuona shimo lako la machicha." Basi, nikakata simu. Mdomo huu.

Mama yangu, Kunegunda, anapika komoni, pombe yetu ya mahindi, tangu sijazaliwa. Machicha anayatupa shimoni nyuma ya jiko, pamoja na magunzi ya mahindi. Mwaka juzi niliona magunzi ya humo yanayeyuka upesi ajabu, nikabeba tope kwenye chupa hadi maabara yetu pale Songea mjini. Tukakuta bakteria anayegeuza gunzi kuwa sukari, na sukari ukiichachusha unapata spiriti ya kuendeshea mitambo. Bosi wangu, Daktari Muhsini, mtu wa Tanga asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka mpaka akavua miwani.

Tulipompeleka bakteria huyo kusomwa vinasaba, majibu yalirudi nusu. Ile sehemu inayoeleza anavyolivunja gunzi haikusomeka. Na wale wa kwenye chupa walishakufa wote. Mashimo ya majirani tulipima, hawamo. Ikabaki nafasi moja: wafadhili wa Dodoma, ambao chupa zetu hawakuziamini tena, waje wenyewe, tuchote tope bichi mbele yao, lisomwe upya. Tukikosa, mradi unafungwa, na kiwanda tulichokiota Songea ndiyo basi tena.

Jumatano tukafika. "Shikamoo mama," Muhsini akasema.

"Marahaba baba, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kavaa kitenge chake cha Pasaka. Akatupeleka nyuma ya jiko mwenyewe, mbele mbele.

Shimo lilikuwa jeupe pe. Machicha yote kayatoa, kayachoma moto. Kalichimbua hadi udongo mwekundu, kamwagia maji ya moto, kapaka chokaa juu mpaka chini. Kuzunguka mdomo kapanga mawe, nayo kayapaka chokaa.

"Siku tatu hizo," akasema. "Ningekuaibisha na uozo ule, mwanangu?"

Nilitaka kulia. Nilitaka kumgombeza pia, Mungu anisamehe. Muhsini akachuchumaa, akakwangua ukuta kidogo, akatia kwenye chupa, akasema, "Pazuri sana, mama." Tukala kuku. Wageni wakasifu mchuzi, mimi hakuna aliyenitazama usoni.

Kwenye chupa ile hamkuwa na kitu kilicho hai. Mradi ulifungwa mwisho wa mwezi, nikatoka maabara na koti langu jeupe kwenye mfuko wa rambo.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi? Kila nikienda Maposeni nakuta chokaa mpya. Machicha siku hizi anapeleka kwa nguruwe wa jirani, asije akalichafua shimo. Juzi kanishika mkono, kaniuliza wageni wanarudi lini, maana chokaa imebaki nusu mfuko.

Nikamwambia bado wanajipanga.