Kumi na Moja ya Mama

Gitonga ni mtu ambaye kifaa kikiitwa tu cha akili, kadi ya benki imeshatoka mfukoni. Kwa hiyo baridi ya Juni ilipoingia Seven Hills, pale Sydney, na Mama yake akaanza kukohoa, hakushauriana na mtu. Akaagiza kidhibiti kipya cha kuwasha na kuzima joto la nyumba, kile cha kuamrishwa kwa simu, akaking'oa cha zamani kilichojificha kwenye korido nyuma ya makoti. Maelezo yalimtaka apige picha ya mipangilio ya zamani kwanza. Akapiga. Kuwaka: saa 11. Kuzima: saa 2. Akaingiza hivyo hivyo kwenye simu, kile kizee akakitupa kwenye droo ya gereji, akamtangazia mkewe kwamba sasa nyumba itajiendesha yenyewe.

"Ijiendeshe iende wapi?" Apondi akauliza. Apondi ni nesi wa zamu za usiku, hana muda wa maringo.

Kesho yake waliamka wakitoa moshi mdomoni. Mama alikaa jikoni amejifunga blanketi mbili, anakohoa. Mchana akampigia Gitonga simu ofisini. "Huku kunachemka. Nimefungua madirisha yote, na bado natoka jasho."

Siku iliyofuata, yale yale: asubuhi barafu, mchana tanuri. Gitonga akazima, akawasha. Akafuta programu kwenye simu, akaiweka upya. Akalaumu intaneti, akamlaumu hata fundi aliyejenga nyumba, ambaye hakuwahi kumwona. Kilichomchanganya zaidi ni ile picha. Saa ni zile zile! Kwa miaka miwili, tangu Mama aje, walikuwa wakiamka nyumba ina joto lake, kwa mipangilio hiyo hiyo. Aki, inawezekanaje? Aliitazama picha mpaka macho yakamuuma, akawa hajui ashike lipi aache lipi.

Ijumaa Mama akatamka neno ambalo Gitonga alikuwa akiliogopa tangu amlete.

"Nikatie tiketi. Narudi Meru."

Baba yake alifariki yeye akiwa huku huku Sydney, mazishi akayatazama kwenye kioo cha simu. Hakutaka kupata habari za mzazi kwa njia hiyo tena, hata kidogo.

"Mama, nipe mpaka Jumatatu tu. Nitairekebisha."

"Jumatatu basi umpigie wakala wa tiketi," Mama akasema, akaenda kulala.

Jumatatu kunapambazuka, Gitonga alikuwa gereji na bisibisi mkononi. Ameshindwa. Atakirudisha kile kizee, hata wamcheke. Akavuta droo. Kumbe betri yake ndogo ilikuwa bado hai, na saa yake inasomeka 12:20. Simu ya Gitonga ilisema 6:20.

"Hata hii nayo imeharibika," akanung'unika.

"Gitonga!" Mama akaita kutoka jikoni. "Saa kumi na mbili na dakika ishirini, na watu bado wanaganda humu!"

Gitonga akaitazama ile saa. Akautazama mlango wa jikoni. Akaitazama tena saa: ilisema vile vile kama Mama.

Akaingia jikoni ameishika. "Mama, hii saa aliiweka nani?"

"Nani mwingine? Wiki ile ya kwanza nilipofika stima ilipotea, ikarudi, nikakuta kitu kinapepesa sifuri ukutani. Nyinyi mko kazini. Nikatia betri mpya, maana ya ndani ilikuwa imekufa, nikaiweka saa."

"Uliandika kumi na moja."

"Mnaamka saa kumi na moja. Ulitaka niandike tano? Saa tano ni mchana, Gitonga!"

Gitonga alitaka kucheka, lakini Mama hakuwa akicheka.

"Humu ndani nguo zinafuliwa na mashine, vyombo mashine, na mimi nimekaa tu kama mgeni. Hicho ndicho kitu kimoja nilichokifanya kwa mkono wangu. Mkiamka na joto nasema moyoni, huyo ni mimi. Halafu wewe ukaking'oa, hata kuniuliza hukuniuliza."

Maneno yalimwingia Gitonga. Aliona haya, akaona uchungu pia, na pole aliyoisema ilitoka nusu. Akamshika Mama mkono, akampeleka koridoni. Akatafuta kwenye simu mahali pa kuikataza ile mashine kuchukua saa kutoka intaneti.

"Haya, Mama, sasa hivi ni saa ngapi?"

Mama akamtazama kama anayepimwa. "Kumi na mbili na dakika arobaini."

Gitonga akaandika hivyo hivyo, 12:40. Chini ya sakafu kitu kikanguruma, na hewa ya moto ikawapanda miguuni.

Mlango ukafunguliwa. Apondi ametoka zamu, macho mekundu, akakitazama kile kioo ukutani kinachosoma 12:41.

"Wiki haijaisha na kimeshaharibika?"

"Kiko sawa," Mama akamwambia. "Vua viatu uote moto."

Gitonga akainua simu. "Na wakala, Mama? Nimpigie?"

Mama alikuwa ameshaugeukia ukuta, anapangusa alama za vidole kwenye kioo kwa ncha ya leso.

"Umpigie umwambie nini?" akasema. "Nikiondoka, hii saa mtasomewa na nani?"