Blanketi Juu ya Ngoma

Uligeuza uso. Usinikatalie. Ulipita kando ya ukuta wa kiwanda cha blanketi pale Thika, ukasikia mashine zikinguruma mpaka soda ikatetemeka kwenye chupa yako, ukaziba masikio kwa vidole na kuharakisha. Ukasema, "Hao wa ndani wameshazoea." Sisi ndio tulikuwa hao wa ndani. Sikukumbushi ili tugombane, maana haya ninayoyaandika leo nayaandika kwa shukrani. Lakini shukrani yangu ina kumbukumbu ndefu, na haitakuacha upite tena hivihivi.

Bendi yetu ilizaliwa ndani ya ile ngurumo. Mutinda alikuwa mfumaji, mashine yake ikitazamana na yangu. Mumbi alikuwa idara ya kushona pindo. Kinyanjui alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa spana na grisi. Watu wa rika letu walipiga benga, wengine wakaimba kwaya. Sisi tulichukua roki, kwa sababu ndiyo iliyofanana na siku yetu ya kazi. Tukajiita Chuma Chakavu. Mimi, Ndung'u, nikashika gitaa la besi, Mumbi la solo, Kinyanjui akakaa nyuma ya ngoma. Mutinda aliimba, au tuseme alipayuka kwa ufundi mkubwa, akiwa amepanda juu ya meza katika ukumbi wa wafanyakazi, mishipa ya shingo imesimama, na wafumaji wakirusha kofia zao hewani. Kulikuwa na mchungaji aliyetuombea kila Jumapili tuache. Hatukuacha.

Kiwanda kikafungwa. Ukumbi ukageuzwa stoo ya mbolea. Chuma Chakavu tukaendelea: Thika, Juja, Ruiru, na harusi chache za watu jasiri. Halafu muziki ukahama. Vijana wakaja na arbantone yao. Mtu mmoja wa mugithi, na gitaa lake moja, akawa anajaza baa ambayo sisi wanne tulishindwa kuijaza. Na kila tulipoona meza tupu tulifanya jambo moja: tuliongeza sauti. Meneja wa klabu fulani ya Ruiru alipotutoa kwenye ratiba alinishika bega kwa heshima.

"Wazee, si ati hamjui. Ni vile mko na makelele."

Nikamwambia muziki wetu ni mkubwa kuliko klabu yake. Nilimwambia kwa sauti iliyowafanya wahudumu wote wageuke.

Jumamosi moja tuko mazoezini kwenye karakana ya Kinyanjui huko Kiganjo, anakotengeneza mota za posho mill. Tulikuwa tukimngoja Mutinda. Akaingia na mke wake, Syombua, ambaye sisi humwita Mama Kaleli kwa jina la kifungua mimba wao. Zamani aliuza chai kwenye geti la kiwanda, kwa hivyo alitujua tangu tukiwa na viuno.

"Leo hajakuja kuimba," alisema. "Daktari ameingiza kamera kwenye koo. Kuna uvimbe. Sio ule mbaya, Mungu asifiwe. Lakini akiendelea kupayuka hivi, itafika siku hata kuniitisha chumvi hawezi. Ameambiwa anyamaze kabisa, wiki kadhaa. Hata kunong'ona asinong'one."

"Na baada ya hapo?" Mumbi akauliza.

"Baada ya hapo aongee kama watu. Bendi imemla vya kutosha."

Mutinda alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba kibarua. Hakutuangalia. Namjua Mutinda. Amepoteza kazi, amepoteza shamba la baba yake huko upande wa Yatta, na sijawahi kumwona amesimama vile. Mtu huyu ukimtoa kwenye wimbo unabaki na koti.

"Mama Kaleli," nikasema, "tupe nafasi. Tutabadilisha muziki. Tutatafuta namna ambayo hapayuki."

"Nyinyi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyinyi mkisalimiana tu, majirani hutoka nje wakidhani mnapigana!"

"Tupe nafasi."

Akamwangalia mume wake, kisha sisi, kisha zile spika zetu zilizopangwa kama makabati. "Haya. Badilisheni. Lakini siku mtakayopiga mbele ya watu, mimi nitakaa mbele kabisa. Nikiona huyu amekaza shingo hata mara moja, nampeleka nyumbani, na huo ndio mwisho wake na muziki. Tumeelewana, Baba Kaleli?"

Mutinda akainua kichwa, akakubali kwa macho.

Kubadilisha! Kinyanjui alisema tuwafuate vijana, akapakua kwenye simu programu ya kupiga ngoma yenyewe, nayo ikawa inampita kasi kama mbuzi aliyekata kamba. Mumbi akajaribu kucheza gitaa la mugithi, likatoka na hasira isiyohitajika. Mwishowe akasema, "Twendeni kwa Lynn. Tukiendelea hivi tutajiaibisha wenyewe kwa wenyewe."

Lynn ni binti wa dada yake Mumbi. Ana studio Ruiru, chumba kimoja juu ya duka la rangi, magodoro yamegongelewa ukutani na blanketi kuukuu limening'inia mlangoni kuzuia makelele ya barabara. Alitupokea vizuri, Mumbi akimwita Tata, kama Wakikuyu wanavyomwita dada ya mama.

"Niaje, wazee? Tata, karibu. Uncle Mutinda, niliambiwa huongei, usijali, mi naongea ya watu wawili. Haya, pigeni kitu niskie."

Tukapiga, Mutinda akiwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Mumbi alikuwa hanisikii, akaongeza sauti. Mimi nikawa simsikii Kinyanjui, nikaongeza. Kinyanjui hakuwa akimsikia yeyote, akapiga kama mtu anayeua nyoka. Lynn akainua mikono yote miwili.

"Stop! Stop! Tata, ngojeni kwanza. Kwani hapa nani anamskia mwenzake?"

Swali hilo hatukuwahi kuulizwa.

Akageukia kompyuta yake na kuendelea kuongea, akituuliza habari za Thika, kama nyumba bado ziko bei nafuu. Lakini alikuwa amekunja uso kama mwenye jino bovu. Kijana wa duka la chini akachungulia mlangoni, akasema, "Aki Lynn, zima hiyo kitu, inatoboa kichwa," akatoroka.

"Azime nini?" Kinyanjui akauliza.

"Hii filimbi," Lynn akasema.

"Filimbi gani? Hakuna filimbi."

"Iko, uncle." Alisema pole pole. "Imekuwa ikilia tangu nianze kuongea. Nilitaka kujua tu." Akabonyeza kitu. Kwetu sisi hakuna kilichobadilika. Yeye mabega yalishuka.

Hakutucheka. Hilo peke yake namshukuru nalo mpaka leo. Kijana mwingine angeturekodi akaturusha mtandaoni.

Mumbi akakaa chini, gitaa mapajani. "Ngai," akasema. "Ni kiwanda."

Ni kiwanda, ndiyo, kilichokula masikio yetu. Na mimi nilikumbuka kila kitu, mahali hapo hapo. Nilikumbuka tulivyosimama mbele ya ofisi kuomba vizibo vya masikio, na meneja akacheka akasema pamba imejaa sakafuni, tuokote. Tukaokota. Pamba ya kiwanda haikuzuia hata mlio wa baiskeli. Kumbe waliokuwa wakiondoka kwenye meza hawakuikimbia roki. Walikuwa na masikio, basi. Sisi tulikuwa tukiongeza sauti ili tujisikie, na Mutinda yuko hapo katikati, kila mwaka akipayuka zaidi ili apande juu yetu. Mashine zilikufa zamani, na bado zilikuwa zinamla koo.

Nikaanza kufoka. Nilifoka kuhusu meneja, kuhusu wenye kiwanda, kuhusu wakaguzi waliokunywa chai ofisini wasiingie ndani. Ningeendelea mpaka jioni. Lakini Mutinda aliinuka kutoka kwenye ile ndoo yake, akanyoosha mkono mbele ya uso wangu, kiganja kikitazama chini, na kukishusha taratibu.

Nikanyamaza. Sote wanne tuliijua ishara hiyo. Kule ndani hakuna aliyewahi kusikia neno la mwenzake, kwa hivyo tuliongea kwa mikono: vidole viwili vikikatana ni uzi umekatika; ngumi kifuani ni niko hapa, usiogope; kiganja kikipinduka kutazama juu ni washa mashine. Na kiganja kinachoshuka ni punguza.

Akamfanyia Mumbi pia. Punguza. Akamfanyia Kinyanjui. Mumbi akazungusha kitufe cha gitaa mpaka karibu na mwisho. Kinyanjui akatazama ngoma zake, akatazama mlango, akaenda akalitungua lile blanketi.

"Tata, angalia," Lynn alisema, "uncle ananiibia."

"Ni letu hili!" Kinyanjui alikuwa amelikunjua. Kijivujivu, mstari mwekundu. Mumbi akalishika pindo, akalipitisha kati ya vidole vyake.

"Ni la kwetu kweli. Huu mshono ni wa idara yangu. Ulilitoa wapi?"

"Kwa cucu," akasema, akimaanisha nyanya yake. "Lilikuwa kitandani kwake."

Kinyanjui akalitandaza juu ya ngoma zote, akapiga. Sauti ikatoka kama mtu anayetembea chumba cha pili. Tukaanza tena, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mimi sikusikia chochote ila mtikisiko wa besi tumboni. Ikabidi tuangaliane. Nilitazama mkono wa Kinyanjui ukipanda, nikashuka nao. Mumbi alitazama vidole vyangu. Mutinda alisimama katikati akituelekeza kwa ishara za kiwandani: wewe ngoja, wewe washa, uzi umekatika hapo, unganisha. Tulipomaliza, Lynn alikuwa amevua visikizio vyake vikubwa vya masikioni.

"Hii ni nini?" akauliza. "Sijawahi kuskia hii kitu. Rudini wiki ijayo. Rudini kila wiki."

Tulirudi. Na wiki za kunyamaza zilipoisha, daktari akamruhusu Mutinda kuongea, Lynn akaweka maiki karibu kabisa na midomo yake. "Uncle, usiimbe. Niambie tu, kama vile unaniambia siri."

Wimbo wetu mkubwa unahusu siku ambazo tulifungiwa ndani ya kiwanda wakati wa mgomo. Nimeupiga maisha yangu yote. Kiitikio nakijua kwa sababu ukumbi mzima ulikipayuka. Beti zake, kusema kweli, kwangu zilikuwa mngurumo. Sasa Lynn ametuwekea sote visikizio, na sauti ya Mutinda ikaja chini, ya kukwaruza, kama mguu kwenye changarawe. Ubeti wa kwanza geti linafungwa. Wa pili njaa. Wa tatu akasema:

*Waruguru akapanda ngazi ya jirani,*
*akapitisha githeri juu ya ukuta, ikiwa moto bado.*
*Hakuuliza wa kwao ni yupi.*
*Alisema, pokeeni, kuna wengine nyuma yenu.*

Gitaa la Mumbi lilinyamaza.

"Umesema nani?"

Mutinda akavua visikizio.

"Mutinda, umesema nani? Waruguru ni mama yangu."

"Najua," akasema kwa ile sauti yake mpya. "Nilikula hiyo githeri."

"Hayo maneno umeyaweka lini?"

"Yako hapo tangu mwanzo, Mumbi."

Mumbi alilia bila kujificha. Mama yake alikuwa amezikwa miaka mingi, na miaka hiyo yote alikuwa akitajwa jukwaani kila wikendi, na binti yake amesimama hapo hapo kando na gitaa, hasikii. Lynn alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Huyo Waruguru ndiye cucu wake, mwenye blanketi.

Tulipiga mbele ya watu Jumapili alasiri, kwenye bustani ya mkahawa mmoja karibu na mto Chania. Walikuja wafumaji wa zamani, wengine na fimbo. Wakaja wanafunzi kutoka Juja ambao Lynn aliwaita, wakakaa kwenye nyasi. Syombua alikaa mbele kabisa kama alivyoahidi, mkoba mapajani, viatu vya kuondoka navyo. Macho yake hayakutoka kwenye shingo ya mume wake.

Tulianza kimya kimya, blanketi likiwa juu ya ngoma. Nyuma mtu akapaza sauti, "Wazee, ongezeni volume! Mmelala?" Watu wakacheka. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe wenyewe, kama ulivyoenda maisha yote. Na kiitikio kilikuwa kinakuja, kile cha kupayuka, na niliona kifua cha Mutinda kikijaa, kidevu kikapanda. Syombua akashika mkoba.

Mutinda akanigeukia. Kiganja kikashuka, taratibu.

Kisha akakisema kile kiitikio. Alikisema tu, midomo ikigusa maiki, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tukiwa na spika zetu zote: watu wakainama mbele. Safu nzima za watu, wakisogea kutusikia. Lynn aliniambia baadaye kulikuwa kimya hivi kwamba mto ulisikika ndani ya wimbo. Mimi mto sikuusikia. Niliuona kwenye nyuso zao.

Baada ya ubeti wa Waruguru, Syombua aliweka mkoba chini kwenye nyasi. Akainua mkono wake, mkono wa kumimina chai getini, alikotuona tukiongea kwa ishara, kiganja kikitazama chini, akakipindua kikatazama juu. Washa mashine. Mutinda akaweka ngumi kifuani. Niko hapa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Lynn, namshukuru Mama Kaleli kwa kuja na mkoba na kwa kuuweka chini. Namshukuru Waruguru, ambaye githeri yake niliila na jina lake nikalisikia kwa kuchelewa. Wa kiwanda sina cha kuwashukuru.

Sasa ni zamu yako, wewe uliyegeuza uso. Wewe wa posho mill, wa grinda, wa kuchomelea mageti, wewe unayefanya kazi klabuni chini ya spika: kesho kabla mashine haijawashwa, nendeni kwa mwenye kazi mkiwa wote, mdai vizibo vya masikio, na msiwashe mpaka viletwe. Na usingoje kesho kwa hili lingine. Zima hiyo redio. Simama nyuma ya yule mzee wako aliyekaa hapo, yule mnayemcheka kwamba anapiga kelele kwenye simu, na umwite jina lake kwa sauti ndogo. Asipogeuka, usicheke. Mshike mkono, mpeleke akapimwe. Inuka. Mwite sasa.