Mtoto wa Kaka Yangu

Miaka yote aliyokaa kwenye karakana ile, kazi yake ilikuwa moja: kukunja pindo za sketi za shule. Ndiyo maana wenzake walimwita Pindo, na jina likamganda. Mkasi haukumhusu. Mkasi ulikuwa wa mwenye karakana, mama mmoja wa roho safi ambaye mafundi wote walimwita Shangazi, na Shangazi hakumwachia mtu kitambaa akikate, hata awe amesomea ushonaji mbinguni.

Pindo alijifundisha kukata nyumbani, kwa magazeti ya zamani, mpaka mumewe akawa anauliza kama kuna gazeti lililobaki zima. Alitaka kuwa mkataji. Alitaka mno, hadi akaenda kuomba kazi kwenye karakana kubwa ya suti, upande wa pili wa mji. Alikwenda kimyakimya, maana aliona haya kumwambia Shangazi. Angeonekana hana shukrani.

Jaribio lilimwendea vizuri. Alipewa kitambaa cha koti, akapima, akachora kwa chaki, akakata. Msimamizi alivigeuzageuza vile vipande asione kasoro.

"Dada, mkono unao. Ulijifunzia wapi?"

"Kushona nilifundishwa na Shangazi," Pindo akasema kwa furaha. "Niko kwenye karakana ya Shangazi tangu nikiwa msichana."

Ulimi huu, jamani. Uso wa msimamizi ukabadilika. Waliwahi kumwajiri mpwa wa mwenye karakana nyingine, naye akaondoka na wateja wao wote wakubwa. Tangu hapo ndugu wa washindani hawakuwataka hata kwa dawa.

"Si shangazi wa damu," Pindo akajitetea. "Tunamwita hivyo tu."

"Kumbe? Mara hii umeshamkana?" Msimamizi akaomba namba, akapiga, akafungulia sauti wote wasikie. "Mama, kuna dada hapa anaitwa Pindo. Ni nani wako?"

Mtu usiyemjua anakupigia simu na kukutajia mtu wako. Ukisikia hivyo unawaza polisi, au ajali.

"Ni mtoto wa kaka yangu," Shangazi akajibu. "Kaka yangu wa tumbo moja. Amefanya nini? Msimguse, nakuja sasa hivi."

Shangazi hakuwa na kaka. Alizaliwa peke yake kwao, na Pindo alilijua hilo vizuri, lakini sasa nani angemwamini? Msimamizi hakugomba. Alimrudishia kitambulisho chake, akamtakia safari njema.

Pindo alimkuta Shangazi nje ya karakana yao, kandambili miguuni, tepu ya kupimia ingali shingoni, akihangaika kutafuta gari bila kujua aende wapi. Shangazi akamshika mabega, akamkagua mikono na uso kama mtoto aliyeanguka.

"Wamekufanya nini?"

Pindo hakuweza kumdanganya. Akasema yote: magazeti, suti, jaribio, lile swali la ndugu. Akasema alitaka kukata, basi. Shangazi alisikiliza huku anatazama chini, na mikono ikamwanguka taratibu kutoka mabegani mwa Pindo.

"Mimi nilidhani wamekukamata," akasema.

Pindo alikuwa analia, na wapita njia wakawa wanawatazama.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Ningewaambia sikujui."