Huenda Unamfahamu

Dedan alikuwa amekaa barazani mwa nyumba ya wageni anayoisimamia, mguu mmoja juu ya mwingine, akisubiri chai, simu yake ilipomletea jina ambalo hakulitafuta. Juu ya kioo paliandikwa: Huenda unamfahamu. Chini yake palikuwa na picha ya fagio, bila sura ya mtu, na jina Fagio la Chelewa. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, mtandao ukaimalizia kazi yake: yumo katika orodha yako ya simu kwa jina la Ndinda Usafi.

Ndinda Usafi ndiye aliyekuwa akimletea chai.

Haya sikuyaona kwa macho yangu. Nilisimuliwa na Ndinda siku ile ile, amesimama mlangoni mwa duka langu hapa Malindi, mfuko wake wa nguo umepekuliwa na kufungwa ovyo, pindo la kanga likining'inia nje. Dedan hakumpigia kelele. Alimwambia aweke chai mezani, kisha akamsomea maneno aliyoyaandika mtandaoni kwa jina lile la fagio, mbele ya mpishi na mtunza bustani, polepole, kama mwalimu asomaye insha ya mwanafunzi anayemdharau. "Msimamizi wetu huingia chumba cha kufulia na kufunga mlango. Ukimsukuma, wiki hiyo hupangiwi kazi. Wenzangu, mkiitwa huko msiende peke yenu." Alipomaliza akamwuliza kama ameruka neno lolote. Kisha akamwita askari wa lango ampekue.

Kabla ya adhuhuri picha ya Ndinda ilikuwa imewafikia wasimamizi wa nyumba za ufuoni, na chini yake neno moja: mwizi.

"Dada Sahla," aliniambia, "ulisema hakuna atakayenijua."

Nilisema. Tena nilisema huku nikicheka.

Miezi mitatu nyuma alikuwa ameniletea simu iliyopasuka kioo. Alikaa kwenye kigoda akingoja, na katika kungoja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kama mtu anaweza kuandika jambo mtandaoni bila kujulikana. Nilimtazama nikaelewa. Nikamfungulia akaunti pale pale, kwenye mtandao ule mkubwa ambao kila mtu yumo, nikamwachia achague jina. Mtandao ukaomba nambari ya simu, nikaiandika. Ukauliza kama wenye nambari yake wasaidiwe kumpata. Kibonyezo cha kukubali kilikuwa kikubwa, cha rangi ya kung'aa, na cha kukataa kilikuwa kijivu, kimejibanza pembeni kama kinachoona haya. Ndinda aliuliza, "Hiyo inataka nini?" Nikamjibu, "Maswali ya kawaida tu hayo." Nikabonyeza Ruhusu.

Kidole kilikuwa changu. Nimekuwa fundi wa simu miaka kumi na moja, nazijua simu ndani na nje, na nilibonyeza kama mtu afukuzaye nzi.

Lakini sikukubali, na mpaka leo sikubali, kwamba kosa lote lilikuwa la kidole hicho. Kuna mtu mahali fulani alikaa akapanga kibonyezo kipi kiwe kikubwa. Alilipwa kwa kazi hiyo, na pengine alipongezwa. Niliwaandikia wenye mtandao, nikaeleza yote, mara tatu. Jibu lilikuja dakika ile ile, yaani hapakuwa na binadamu aliyelisoma: Tumepitia taarifa yako na hatukuona ukiukaji wowote. Mwisho waliniuliza kama nimeridhika na huduma, nichague uso unaocheka au unaonuna.

Ndipo nikamtafuta Kiprop.

Kiprop nilimjua kwa kumwuzia vipuri. Alikuwa kijana mtaratibu kutoka bara, amepanga vyumba viwili Kibarani, Kilifi, na huko yeye na wenzake wawili walikuwa wakitengeneza programu ya simu kwa ajili ya mtandao usio na mwenyewe. Alinieleza kwa nusu saa, nami nikamfupishia: ni kama misikiti. Kila mtaa una wake na watu wake wa kuutunza, hakuna mtu mmoja aliye na funguo za yote, na mgeni wa mtaa mwingine akija, hupanga safu pamoja na wenyeji. Alicheka, akasema hakuna mhandisi aliyewahi kuueleza vizuri hivyo.

"Na usiri?" nikamwuliza.

"Usiri wetu ni imara, dada. Hata mimi niliyeitengeneza programu siwezi kusoma yaliyoandikwa."

Nikamwamini. Jumatano iliyofuata nikampeleka Ndinda, pamoja na mama mmoja aitwaye Jedida, mfuaji wa makamo ambaye wafanyakazi wenzake humsikiliza. Kiprop alitukaribisha kwa heshima, akamwamkia Jedida shikamoo, akawapa kila mmoja simu yenye programu yake, na akaketi mkabala nao na daftari.

Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Chagua seva yako. Chini yake, majina arobaini ya mashine za kutunza maandishi ya watu.

Ndinda aliyatazama kwa muda mrefu. "Nikichagua vibaya, atanipata?"

"Inategemea," alisema Kiprop.

Aliondoa kidole kwenye kioo. Jedida alichagua la kwanza tu, akasonga mbele, akakutana na maneno kumi na mawili ya Kiingereza yasiyohusiana hata kidogo, na amri ya kuyanakili kwenye karatasi na kuihifadhi mahali salama, kwa maana simu ikipotea bila karatasi hiyo, basi, kila kitu kimepotea.

"Mahali salama ni wapi, mwanangu?" Jedida akauliza. Hakuwa akimkejeli. "Mimi nalala chumba cha uani. Ufunguo wa pili anao msimamizi."

Kiprop aliandika kitu daftarini. "Ni suala la kuzoea, mama. Watumiaji wetu wengi mwanzoni huona ugumu, halafu huzoea."

"Watumiaji wako wanalala wapi?" nikamwuliza mimi.

Hakunielewa. Nikasimama. Nilimwambia kwamba wale wakubwa wamejenga nyumba yenye mlango mpana na rahisi, na ndani wanatuuza; na yeye amejenga nyumba isiyo na mwizi, lakini mlango ameuweka darini na ngazi amewapa wahandisi wenzake. Nilimwambia kwamba usiri ambao mama huyu hawezi kuushika mkononi ni pambo la wasomi. Na kwamba mtu anayekimbia hana nafasi ya kuzoea. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mmoja wa wale wenzake alivua visikizi masikioni akatazama. Najua sasa kwamba nusu ya ghadhabu ile haikuwa yake Kiprop. Ilinihusu mimi na kidole changu. Lakini nusu ya pili ilikuwa yake, na sikumpunguzia.

Kiprop alifunga daftari, akavuta kiti karibu na Jedida. "Mama, wewe ukitaka kuficha kitu pale kazini, unakificha wapi?"

"Sifichi," alisema Jedida. "Kilichofichwa ndicho hutafutwa. Nakiweka mezani, kifanane na vingine."

"Na ukipoteza ufunguo wa chumba?"

"Naenda kwa watu wanaonijua."

Kutokana na majibu hayo mawili programu ilivunjwa na kujengwa upya, kwa miezi saba. Kila Jumatano nilikwenda Kilifi na mwanamke mwingine, naye alikaa na simu huku Kiprop akikatazwa kusema neno. Aliruhusiwa tu kutazama kidole kinapositasita. Orodha ya seva ikaondoka: unaingizwa na mwenzako, ana kwa ana, simu kwa simu, nawe unaketi alipoketi yeye. Nambari haiulizwi. Orodha ya simu haiguswi. Maneno kumi na mawili yakaondoka pia. Ukipoteza simu, wanawake watatu uliowachagua wewe wanakurudisha kwa pamoja. Na mtu akikupokonya simu, anakuta orodha ya kawaida ya vitu vya kununua sokoni, sabuni, nyanya, kiberiti, mpaka uguse unapopajua wewe. Mashine ya kuendeshea yote hayo, ndogo kama kipande cha sabuni, iko rafuni dukani mwangu.

Ndinda hakurudi Kibarani. Alikuwa ameshahamia Jilore kwa dada yake, wanalima mahindi na kunde. Programu ilipokamilika nilimfuata huko, nikamkuta anapepeta. Nilimweleza kwa furaha kila tulichobadilisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo magotini.

"Mmefanya vizuri," alisema. "Wape wengine." Akapepeta kidogo. "Mimi sina hasira nawe, dada Sahla. Lakini simu yangu usiiguse tena."

Alinifungia kunde za kupeleka nyumbani. Nilirudi nazo nimezipakata njia nzima.

Dedan bado ana kazi yake. Hakuna aliyemwita popote kujibu lolote. Neno lile alilomwandikia Ndinda halijafutwa, na mtandao mkubwa bado unawaletea watu majina wasiyoyatafuta, wakiwa wamekaa barazani mwao.

Juzi, Jumanne asubuhi, mtu aliuliza kwenye mtandao wetu mdogo kuhusu nyumba mpya upande wa Sabaki: ameitwa akaanze kazi, aambiwe ukweli. Majibu manne yalikuja upesi. Nilikuwa na simu ya mteja wazi mezani, nikaacha bisibisi nikayasoma. Baada ya robo saa mwulizaji akaandika: Asanteni. Nilikuwa njiani, nimegeuza narudi.

Kiprop akanipigia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Ni nani huyo?"

Mashine ilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka nilipokaa, taa yake ya kijani inawaka. Ndani yake hamkuwa na nambari, wala sura, wala jina la kijiji.

"Sijui," nikamwambia.

Nilimsikia akishusha pumzi. "Hata mimi," alisema.